Neno la uwanjani linapopata mwenyewe

Ndugu msomaji, mwanao akirudi nyumbani amevaa fulana iliyoandikwa 'And1' kifuani, nawe ukamwuliza maana yake, huenda akakutazama kana kwamba umemwuliza jua huchomoza upande gani. Akiwa mkarimu atakujibu, "Ni mambo ya basketiboli, Baba," kisha ajiendee zake. Pesa umeshatoa, pengine baada ya kuvutana na mwenye kibanda kule Gikomba au Kongowea hadi jasho likakutoka, ilhali hujui kama ulichonunua ni dua au ni tusi.

Juma hili nataka tuketi, mimi nawe, tulichambue neno hilo pamoja na mengine ya ukoo wake. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mzazi anayejua maandishi yaliyo kifuani mwa mwanawe hakosi la kuzungumza naye wakati wa chakula. Ya pili ndiyo kubwa zaidi. Maneno haya yalizaliwa vinywani mwa vijana waliokuwa wakicheza tu, wala hawakuyalipia hata senti moja, kisha yakapata wenyewe wanaoyauza. Namna yalivyopata wenyewe ni somo ambalo sisi wa huku, wenye lugha inayochotwa na walimwengu kila uchao, hatuna budi kulijua.

Tuanze na hilo la kwanza. Katika mpira wa vikapu, mchezaji anapotupa mpira kuelekea kikapuni kisha mpinzani akampiga mkono au akamsukuma, hayo ni madhambi. Mpira ukikosa kuingia, aliyetendewa madhambi hupewa mitupo miwili ya adhabu, au mitatu ikiwa alikuwa akitupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Lakini mpira ukiingia licha ya kusukumwa kwake, pointi zake huhesabiwa zote, kisha huongezewa mtupo mmoja. Nyongeza hiyo ndiyo Waamerika huiita 'and one', yaani "na moja juu yake".

Sasa sikiliza utamu wake. Mchezaji hulipaaza neno hilo mpira ungali hewani, hata kabla refa hajapuliza kipenga. Anamwambia mpinzani wake: umenipiga, nami nimefunga, sasa nipe na nyongeza yangu. Katika viwanja vya mitaani vya miji kama New York na Philadelphia, ambako vijana hucheza bila refa wala saa, aliyepigwa hujipigia kipenga kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hivyo neno hilo limebeba madai na tambo kwa pamoja. Ni kama mtu aliyerushiwa jiwe na jirani mwenye husuda, akalidaka, akalijengea jiko.

Mwaka 1993, vijana watatu jijini Philadelphia walilitwaa neno hilo wakaligeuza jina la kampuni. Walikuwa Seth Berger, Jay Coen Gilbert na Tom Austin. Hawakuwa na kiwanda kikubwa wala mchezaji maarufu wa kuwatangazia bidhaa. Walichokuwa nacho ni fulana walizozichuuza kutoka kwenye buti la gari, na juu ya fulana hizo waliandika vijembe vya uwanjani, yale maneno ambayo mchezaji humtupia mwenzake ili kumvunja moyo.

Fulana moja ilimshauri mpinzani atoe pasi ajiepushie aibu. Nyingine ilidai kwamba aliyeivaa ni dereva wa basi, na kazi yake ni kumpeleka kila mtu shuleni. Mama asiyejua mambo angeisoma hiyo ya pili akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto apendaye elimu! Kumbe kwa lugha ya uwanjani, kumpeleka mtu shuleni ni kumfunza mchezo kwa kumwaibisha mbele ya umati, sawa na sisi tunaposema fulani alifunzwa adabu. Nembo ya kampuni nayo ilikuwa mchoro wa mchezaji asiye na sura, hana macho wala mdomo. Ni kinaya kwamba kampuni iliyojengwa juu ya domo la vijana ilichagua nembo isiyo na kinywa.

Msomaji wa Pwani naona ameanza kutabasamu, maana jambo hili analijua tangu utotoni. Nguo inayosema si uvumbuzi wa Philadelphia. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na jina hilo ndilo humfanya mwanamke aipitishe mlangoni pa mke mwenziwe bila kufungua mdomo, ujumbe ukafika. Ukitaka kuelewa fulana za vijana wale watatu, zifikirie kuwa kanga za kiume: kijembe kimeandikwa kifuani badala ya kiunoni, na anayelengwa anajijua.

Tena kanga ina fundisho jingine ambalo ningependa ulishike, kwani tutalihitaji mbele. Mapema katika karne ya 20, mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliuza kanga zenye methali na misemo ya Kiswahili kutoka duka lake katika Barabara ya Biashara. Kanga zake zilikuwa na alama iliyosema 'K.H.E. – Mali ya Abdulla'. Angalia vizuri mambo mawili yaliyo juu ya kitambaa hicho kimoja. Pana methali, ambayo ni ya watu wote, na pana alama ya mwuzaji, ambayo ni yake. Alama ilikueleza mzigo umetoka kwa nani. Methali ilibaki huru, na fundi mwingine yeyote angeweza kuiandika kwenye kanga yake kesho yake.

Haya, turudi Marekani. Mwaka 1996 And1 waliingia katika biashara ya viatu, wakamchukua Stephon Marbury, kijana wa Coney Island, Brooklyn, aliyekuwa anaanza kucheza katika ligi kuu ya NBA. Kisha mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wakapata hazina ambayo hawakuitarajia. Kocha mmoja wa shule ya upili aliwafikishia kanda ya video ya kijana aliyewahi kumfundisha, Rafer Alston wa Queens, New York, akiudunda mpira kwa madaha ambayo watu wengi hawakuwa wameyaona. Uwanjani Rucker Park, mtaani Harlem, watu walimwita 'Skip to My Lou', jina la wimbo wa watoto, kwa jinsi alivyorukaruka huku mpira ukimfuata kama mbwa na bwana wake.

Kampuni iliunganisha picha hizo na muziki wa rap, ikazisambaza. Vijana walizigombea kanda hizo kama njugu za moto. Baadaye zikaja kanda nyingine, kisha ziara za mji hadi mji zilizoonyeshwa kwenye televisheni ya ESPN kuanzia mwaka 2002, na kila mchezaji alikuja na lakabu yake aliyopachikwa mtaani: 'Hot Sauce', mchuzi wa pilipili, kwa namna alivyowaunguza mabeki, 'The Professor', kijana mwembamba aliyewapa watu mihadhara kwa mpira. Mwaka 2000, Vince Carter aliposhinda shindano la NBA la kuubamiza mpira kikapuni, miguuni alivaa viatu vya And1.

Sasa hapa, msomaji mpenzi, ndipo penye swali. Neno 'and one' lilikuwa la wachezaji wote. Vijembe vilikuwa vya viwanja vyote. Lakabu zilitoka kwa watazamaji walioketi kwenye vyuma vya pembeni mwa uwanja. Mwaka 2005 kampuni iliuzwa kwa kampuni nyingine ya viatu, iitwayo American Sporting Goods, na jina likaenda pamoja na mali nyinginezo. Baadhi ya wachezaji, kama Alston, walikuwa wameshafika NBA. Yeye mwenyewe alicheza fainali ya mwaka 2009 akiwa na Orlando Magic. Lakini wengi walibaki na sifa tu. Filamu iliyoonyeshwa na Netflix mwaka 2022 juu ya kupanda na kushuka kwa And1 iliifufua tena hoja ya nani aliyepanda na nani aliyevuna.

Usifikiri nataka kuwaita vijana wale watatu wezi. Walitoa fulana, wakatoa viatu, wakajasiria pale ambapo wengine waliona utoto. Nalo neno lenyewe hawakulifungia kabatini. Hadi leo mtangazaji wa mechi hulitamka apendavyo, na mwanao anaweza kulipaaza uwanjani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri bila kutumiwa ankara. Walichomiliki ni jina hilo likiwa limebandikwa kwenye nguo na viatu. Kwa maneno mengine, hawakuwa mbali sana na yule Abdulla wa Mombasa, ila wao waliitwaa methali yenyewe wakaifanya alama.

Hatua hiyo ndogo, ya kuichukua methali na kuifanya alama, ndiyo iliyoleta mambo. Hebu tuwatazame watu wawili waliofanya kazi katika klabu moja, Los Angeles Lakers, uone jinsi njia zao zilivyoachana.

Wa kwanza ni mtangazaji Chick Hearn, mtu aliyetangaza mechi 3,338 za Lakers bila kukosa hata moja, kuanzia mwaka 1965 hadi 2001. Huyu alikuwa fundi wa kuunda maneno papo kwa papo, mfano wa malenga. Ndiye anayesifiwa kwa kuleta 'slam dunk', neno la kumweleza mchezaji anayeruka hadi juu ya pete na kuubamiza mpira ndani kwa mkono. Hearn alilitamka hewani, nalo likaenda na upepo. Leo Waingereza na Waamerika hulitumia hata kwa mambo yasiyohusu mpira, kumaanisha jambo ambalo haliwezi kushindikana, kama kesi ambayo ushahidi wake umekamilika.

Wa pili ni kocha Pat Riley. Lakers walitwaa ubingwa mwaka 1987, wakautwaa tena mwaka 1988. Msimu uliofuata, kambini mwao kukawa na neno jipya: 'three-peat', lililoundwa kwa kuunganisha neno la Kiingereza la tatu na lile la kurudia, yaani kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Mara nyingi anayetajwa kuwa ndiye aliyelitamka kwanza hapo klabuni ni mchezaji Byron Scott. Lakini aliyekwenda kulisajili, kupitia kampuni yake, liwe alama ya biashara kwenye fulana, jaketi na kofia, ni kocha Riley.

Wahenga walisema usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Mwaka huo wa 1989 Lakers walifika fainali, wakachapwa na Detroit Pistons mechi 4 kwa 0. Mwana hakuzaliwa, ila mbeleko ilikuwa imeshasajiliwa! Miaka ikapita. Riley akahamia New York Knicks. Mwaka 1993 timu yake ilitolewa na Chicago Bulls ya Michael Jordan, nayo Bulls ikaendelea hadi kutwaa ubingwa wake wa tatu mfululizo. Nchi nzima ikataka fulana zenye neno lile. Waliozichapisha kihalali wakahitaji leseni, na mrabaha ukaenda kwa kocha aliyefungwa. Msomaji, umewahi kuona mtu akifungwa uwanjani halafu akalipwa kwa furaha ya aliyemfunga? Bulls walirudia tena kati ya mwaka 1996 na 1998, na Lakers kati ya mwaka 2000 na 2002. Hata Februari 2025, Kansas City Chiefs walipokuwa wakiwania ubingwa wa tatu mfululizo katika mchezo mwingine kabisa, futiboli ya Kimarekani, jina la Riley lilitajwa tena kwa sababu ya neno hilo. Chiefs walishindwa na Philadelphia Eagles, na fulana zikabaki ndoto.

Hearn alitoa, Riley akasajili. Wote wawili walifuata sheria, na kila mmoja alikuwa hodari katika kazi yake. Lakini jiulize Byron Scott alipata nini kwa neno linalosemekana kutoka kinywani mwake. Hapo utaona kwamba sheria ya alama haimtafuti aliyelizaa neno. Humtazama aliyelibandika kwenye bidhaa akaenda kulisajili.

Wachezaji wa siku hizi wamelijua hilo, wamejanjaruka. Mwaka 2012 Anthony Davis, ambaye nyusi zake zimeungana juu ya pua, aliomba kusajili maneno yanayowataka watu waogope unyusi wake, kabla hata hajacheza mechi moja ya NBA. Mwaka huohuo Jeremy Lin wa New York Knicks alipovuma ghafla, mashabiki wakaunda 'Linsanity', mchanganyiko wa jina lake na neno la wazimu. Watu wasiohusiana naye walikimbilia ofisi ya usajili kulidai, naye ikambidi apeleke ombi lake mwenyewe. Naye Michael Jordan, pamoja na utajiri wake wote, ilimlazimu kwenda mahakamani China mwaka 2012 kwa kuwa kampuni moja ya huko ilikuwa imelisajili jina lake kwa maandishi ya Kichina. Mahakama ya juu kabisa ya huko ilikubaliana naye kuhusu maandishi hayo mnamo Desemba 2016. Ikiwa Jordan aligombea jina lake mwenyewe kwa miaka 4, seuze wewe na timu yako ya mtaani?

Tena sisi tumeshaumwa na nyoka huyu. Maneno 'hakuna matata', ambayo bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliyaimba miaka ya 1980 na watalii wakayabeba hadi kwao, yaliombewa usajili Marekani na kampuni ya Disney mwaka 1994, mwaka wa filamu ya The Lion King, na usajili ukakamilika mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kuupinga. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2006 na 2008, kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kusajili jina la kikoi, kwa tahajia ya 'kikoy'. Watetezi wa wafumaji wetu walipiga kelele, na ombi hilo halikufaulu.

Watu wengi waliposikia habari ya 'hakuna matata' walisema, "Sasa hata kuzungumza tutatozwa!" La hasha. Hakuna anayeweza kukuzuia kutamka neno kwa sababu ya alama ya biashara. Usajili huambatana na aina fulani ya bidhaa. Nguo, viatu na kofia, kwa mfano, zimo katika kundi la 25 la orodha inayofuatwa na nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Aliyesajili neno kwa nguo anaweza kumzuia mwingine kuuza nguo zenye neno hilo, katika nchi aliyolisajili. Hawezi kumzuia bibi yako kulisema wala mshairi kulitungia. Vilevile, neno linalotaja tu kitu kilivyo halifai kuwa alama ya kitu hicho. Ndiyo maana kikoi, ambalo ni jina la vazi lenyewe, lilikuwa na nguvu ya kujitetea. Ukijua hayo mawili, hutatishika ovyo, wala hutalala usingizi wa pono.

Sasa tuje nyumbani kwako. Mwanao akitaka fulana au raba zenye maneno ya uwanjani, usikimbilie kukataa wala kulipa. Mwulize akufafanulie neno hilo. Akiweza, atakuwa amekufunza jambo, na kijana akimfunza mzazi wake hutembea siku mbili kifua mbele. Asipoweza, basi mtafute wote wawili maana yake kabla hajaenda kulitembeza kanisani au kwa babu. Kumbuka kwamba vijembe vingine ni utani mwema miongoni mwa wachezaji, lakini nje ya uwanja vinasomeka kama ufedhuli. Kanga haivaliwi ovyo msibani, na fulana nayo ina mahali pake.

Pili, tofautisha mtumba na bandia. Fulana ya mtumba yenye alama halisi ilishalipiwa na mwenyewe wa kwanza, na hakuna kosa kuivaa. Bandia ni ile iliyobandikwa jina la mtu bila idhini yake, aghalabu ikiwa na herufi iliyogeuzwa ili macho yakuhadae. Tangu mwaka 2008 Kenya ina sheria maalumu dhidi ya bidhaa za bandia, na mwenye kuziuza anaweza kupoteza mzigo na hata uhuru wake.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtaani kwenu kuna uwanja wenye pete iliyopinda, na kuna vijana wanaocheza hapo kila jioni hadi giza linapowafukuza. Wana jina la timu yao. Wana msemo wanaoupaaza wakifunga, msemo ambao labda ulizaliwa Eastlands, Kisumu au Likoni na haujulikani kwingineko. Siku moja wataanza kuuchapisha kwenye fulana wapate nauli ya kwenda mashindanoni. Siku hiyo usiwaache wafanye mambo kienyeji.

Waeleze kwamba Kenya ina Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inayosimamiwa na taasisi ya serikali ijulikanayo kwa ufupisho wa KIPI. Kwanza hufanywa upekuzi kuona kama kuna mwingine aliyetangulia na alama kama hiyo. Kisha ombi hupelekwa likichunguzwa, na likikubaliwa hutangazwa katika jarida la taasisi ili mwenye pingamizi ajitokeze katika siku 60. Asipojitokeza, alama husajiliwa kwa miaka 10, na inaweza kuongezewa miaka 10 mingine tena na tena. Ni vyema isajiliwe kwa jina la kikundi chao, ili yasije yakawa yale ya Byron Scott: mmoja kulisema neno, mwingine kula mrabaha.

Usidhani nazungumzia ndoto za mchana. Mwaka 1993, mwaka uleule And1 ilipozaliwa, Nairobi iliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa vikapu na Kenya ikamaliza ya nne. Kisha tukakaa nje kwa miaka mingi, hadi Februari 2021 kule Yaoundé, Cameroon, pale Tylor Ongwae alipotupa mpira wakati ukikatika, ukaingia, Kenya ikailaza Angola 74-73. Ushindi huo ulichangia kuirudisha timu ya taifa katika fainali za Afrika za mwaka huo jijini Kigali. Timu hiyo huitwa Morans, jina la mashujaa vijana wa Kimaasai, na ni jina linalouzika. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya klabu bingwa za Afrika, BAL. Mchezo unakua, na penye mchezo hapakosi fulana.

Ule mtupo wa Ongwae, Waamerika wana neno lake: 'buzzer beater', mtupo unaokitangulia king'ora. Sisi je? Vijana waliokuwa wakitazama mechi ile kwenye simu zao walipiga ukelele gani? Nina hakika neno lipo mahali fulani, limeshatamkwa na mtu asiyejua thamani yake. Kama mwanao analijua, mwulize, uniandikie kupitia mhariri wa ukurasa huu, na ueleze latumiwa mtaa gani na limetoka wapi. Nitayachapa mazuri yake hapa pamoja na jina la mtaa lilikotoka, ili siku akija mtu kulidai, tuwe na ushahidi kwamba lilikuwa na mama.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.